Kopo Lililofungwa na Joto Lake

Mlandizi,
11 Januari, 1953

Kwa kaka yangu Pazi bin Jumbe,
Shamba la katani, Kimamba.

Kaka yangu mpenzi, shikamoo.

Kabla ya yote nakujulia hali. U mzima? Kifua chako kilichokuwa kikibana kila kipupwe kimetulia, au vumbi la katani limekiongezea? Wifi yangu Mboni hajambo? Na mtoto, anatembea sasa au bado anashika ukuta? Mimi namshukuru Mungu, mwili wangu mzima, nakula, nafanya kazi, sidai kitu. Moyo ndio mgonjwa, na ugonjwa wake ndio ulionikalisha hapa na kalamu.

Usishangae kuona mwandiko wangu umepinda. Sikumpa karani aniandikie. Herufi hizi ulinifundisha mwenyewe kwa kijiti, kwenye mchanga wa nyuma ya jiko, ukinipiga kofi la kisogo kila nilipoigeuza S ikatazama ukutani. Ninayotaka kukwambia leo nimeona aibu yapite mkono wa mtu mwingine.

Nyumbani Kibuta kwema kiasi. Vuli ilichelewa, lakini mikorosho ya marehemu baba imezaa mpaka matawi yanagusa chini. Mama Shomari, jirani yetu, ndiye anayeokota, nusu yake na nusu yetu, na haibi, maana nimemchunguza. Paa la jiko linavuja upande wa kisimani. Kaburi la mama tumelizungushia miti ili mbuzi wasipite juu yake, na mama Shomari hulifagia kila Ijumaa.

Hitma ya arobaini tuliisoma bila wewe. Watu waliniuliza uko wapi, nikawajibu kwamba njia ni mbovu. Ilikuwa kiangazi, njia kavu kama kiganja, na kila aliyekaa pale jamvini alilijua hilo, ila walinistahi wakaendelea kula.

Baada ya hapo sikuweza kukaa peke yangu katika nyumba ile. Nimekuja huku Mlandizi, nimepata kibarua kwa Bwana Abeid, mfanyabiashara anayekaanga korosho, karanga na muhogo akiwauzia abiria wa stesheni ya Ruvu na madereva wa malori ya barabara ya Morogoro. Bwana Abeid ni mtu mwema, lakini mkono wake mgumu. Akikuona unaramba kidole chenye chumvi hukitazama kidole kile kama anayetaka umrudishie. Tupo wanawake wanane. Wengine wanakaanga, mimi nipo upande wa kufunga, chini ya Bi Zubeda, mama wa makamo asiyejua kusoma hata jina lake lakini anayejua kwa nini korosho inanuka.

Na hiyo, kaka, ni elimu. Mimi nilidhani kufunga chakula ni kazi ya vidole tu, mradi kifuniko kikae. Bi Zubeda ananiambia kwamba chakula kilichokaangwa kikakauka ni kama mwali ndani, kila kitu cha nje kinamtaka. Hewa inayataka mafuta yake, ikiyapata huyageuza yakanuka ukale. Ndiyo maana korosho za kwenye gazeti, siku ya tatu tu karatasi imekunywa mafuta, na siku ya sita hata mwenye njaa anatema. Mwanga nao haufai. Bwana Abeid aliwahi kujaza korosho katika chupa nzuri akaipanga dirishani ili wapitao wavutiwe, na baada ya wiki mbili zile za dirishani zilikuwa na ladha ya taa ya koroboi, na zile zile zilizobaki ndani ya kopo la bati gizani zilikuwa tamu kama jana. Alitununia sisi, kana kwamba jua ni letu.

Kwa hiyo tunafunga ndani ya makopo, na zile za kuuzwa haraka tunazitia kwenye karatasi iliyopakwa nta, maana nta haipitishi mafuta wala maji. Kopo hatuliachi na nafasi juu, tunalitikisa na kulijaza mpaka pomoni, kwa sababu penye nafasi pana hewa, na hewa uliyoifungia ndani ni mgeni uliyemkaribisha mwenyewe. Chumvi huvuta unyevu, basi hatuinyunyizi mpaka dakika ya mwisho. Chini ya kila kopo kubwa tunaweka kifuko cha mchele uliokaangwa mkavu, unywe majimaji yatakayopenya njiani. Na kabla ya kufunga, Bi Zubeda huvunja kipande kimoja kimoja karibu na sikio lake. Kikilia, anaitikia kwa kichwa, tunafunga. Kikinyamaza, chungu chote kinarudi motoni.

Sikuandikii haya kwa kujivunia kibarua. Najua kuna kopo moja ambalo hutaki kulisikia, na barua hii ni habari ya kopo hilo. Nakuomba, kwa ajili ya maziwa tuliyonyonya wote wawili, usiichane kabla hujafika mwisho.

Alhamisi iliyopita Mashaka alinipitia. Bado yuko katika gari la moshi la mizigo, na gari lao lilisimama Ruvu kutia maji. Nilimbana. Nikamwuliza, wewe ndiwe uliyempelekea kaka yangu habari ya msiba, na wewe ndiwe unayeonana naye Kilosa kila anapokuja na lori la katani, hebu niambie kwa nini mtu hakuja kumzika mama yake? Alijiumauma sana, kisha akanieleza yote uliyomwambia.

Anasema ulimwambia kwamba masika iliyopita mama alikuletea kopo la biskuti lililofungwa vizuri kwa nta. Ulilifungua kambini mbele ya wenzako, umewaita mwenyewe waje waonje kaukau za mama yako, ule muhogo mwembamba wa kukaanga uliowasifia kwa miaka mitatu. Kifuniko kilipotoka ikatoka harufu ya mzoga, na ndani ukungu wa kijani umejaa. Wenzako walicheka. Mmoja akasema mama wa Kizaramo akikuchoka hana haja ya mganga. Nawe ukakumbuka maneno ya mama pale mlangoni, ukasema kwamba mzazi wetu hasemi kwa mdomo, husema kwa chakula, na sasa amesema. Ukalifunga kopo kama lilivyokuwa, ukampa Mashaka alirudishe, na neno lako likawa moja tu, kwamba umeelewa. Ndiyo maana hukuja kuzika. Ulimwambia Mashaka kwamba mama alikuzika wewe kwanza. Na mtoto mliyempa jina la mama, mkambadilisha, siku hizi mnamwita Zena.

Nilimshukuru Mashaka, nikamfungia karanga za njiani. Alipoondoka nilikaa juu ya gunia nikalia mpaka Bwana Abeid akaja kuuliza kama gunia limelowa.

Kaka, hukuelewa. Wala hukuwa na njia ya kuelewa. Nipe nafasi nianzie pale unapopajua, nikufikishe usipopajua.

Unaijua siku ile ya ugomvi. Mama alimkataa Mboni kwa kuwa ameachika mara mbili na amekuzidi umri, na aliyasema hayo mimi nimekaa pembeni kwenye kigoda, nimerudi nyumbani na talaka yangu miezi mitatu tu nyuma, najifanya nachagua mchele. Ulimjibu vibaya. Naye akasema siku utakapovuka kizingiti chake na mwanamke yule, usiseme tena una mama. Ukavuka. Hayo unayajua.

Usiyoyajua ni kwamba mwaka wa kwanza hakulitaja jina lako hata mara moja, na wa pili akaanza kulitaja kwa kukosea, akiniita mimi Pazi huku anataka maji. Macho yakaanza kuingia mtoto wa jicho. Mwaka wa tatu alikuwa anaona mwanga tu wa mlango. Mimi ndiye niliyekuwa fimbo yake, namshika mkono kwenda chooni, namchambulia mchicha, namsomea nani kapita njiani.

Mwezi Machi Mashaka alikuja Kibuta mwenyewe, siku yake ya mapumziko, akaleta habari kwamba umepata binti na umempa jina la bibi yake, Mwanamkuu. Mama alimtaka arudie. Alirudia. Akamtaka arudie tena, safari hii polepole. Kisha akaniambia nikachimbe muhogo mtamu wa kando ya kisima, ule mweupe usio na uchungu, na nikamtafutie kopo zuri lenye kifuniko. Nilikwenda mpaka Kisarawe mjini kwa Mhindi nikapata kopo la biskuti.

Nilimshauri tukuandikie barua. Alikataa kabisa. Aliniambia kwamba mzazi hamwombi mwanawe radhi kwa karatasi, na kwamba katika nyumba ya baba yetu ugomvi haujapata kumalizwa kwa maneno. Na kweli, wewe mwenyewe ni shahidi. Ulipovunja mtungi wake wa maji ya kunywa, ulipompiga yule mtoto wa jumbe wa kijiji, kila mara alinyamaza siku mbili, halafu akaja na kitumbua, akakiuma nusu, nusu akakupa wewe. Ukiila, basi, yamekwisha, na hakuna aliyeyafukua tena.

Aliukata muhogo ule mwenyewe, kwa kupapasa, mwembamba hata ukiuinua unaona vidole vyake upande wa pili. Alikataa nimkaangie. Hakuwa anaona, alikuwa anasikia. Mafuta ya nazi yakipiga kelele, alisema, maji bado yamo ndani ya muhogo yanatafuta mlango. Yakipunguza kelele, maji yameisha, toa upesi. Hakuunguza hata kimoja. Aliungua yeye, kifundo cha mkono wa kulia, na kovu lile alikwenda nalo.

Kaukau zilipokwisha kukaangwa, akachukua ya kwanza kutoka ungoni, akaiuma katikati. Nusu akala. Nusu akanipa mimi, akaniagiza niiweke juu kabisa, chini ya kifuniko, ili ukifungua tu uione na alama ya meno yake. Mbele alikuwa amebakiwa na mawili, kaka, ungeyajua popote.

Kisha akaniagiza neno moja zaidi. Nizitandaze kwenye ungo usiku kucha, zipoe mpaka moyoni, hata nikiiweka moja shavuni nisisikie kitu, ndipo nizifunge asubuhi. Gari la Mashaka lingepita Pugu kesho yake baada ya adhuhuri. Muda ulikuwepo tele.

Ni mimi, kaka. Nilizifunga jioni ile ile, mama alipoingia kusali magharibi. Zilikuwa bado za moto. Nilizijaza, nikaweka ile nusu juu, nikabana kifuniko, nikaziba ukingo wote kwa nta ya nyuki nikaona nimefanya kazi safi.

Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba nilikuwa na nia njema. Nilijiambia nilitaka zikufikie na joto la jiko la mama, na kwamba joto likifungiwa ndani ndio ukavu wenyewe, kwa kuwa moto ndio uliozikausha. Mpumbavu hujipa sababu. Ni kweli niliyawaza hayo, lakini hayakuwa yote. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimechoka na ungo ule, na kopo lile, na mwenye nalo. Kutwa nzima lilikuwa jina lako tu, Pazi anapenda nyembamba, Pazi hapendi chumvi nyingi. Nilitaka liwe limefungwa, niache kulitazama.

Sasa nikuambie kilichotokea humo ndani, kwa maana nimekijua mwezi wa Novemba tu, hapa kwa Bwana Abeid. Mwenzetu mmoja mgeni alifunga muhogo ukiwa wa moto. Bi Zubeda hakumfokea. Alichukua bilauri ya kioo, akatia vipande vichache vilivyotoka motoni, akafunika kwa kisahani cha kahawa, akatuita tukae tutazame. Punde kioo kikafanya ukungu. Punde tena, chini ya kile kisahani kukaota matone, madogo, yakaungana, yakawa makubwa. Alituambia kwamba hata kikavu namna gani, kilichotoka motoni bado kinapumua, na pumzi yake ni maji. Ukikiacha wazi, pumzi inakwenda zake. Ukikifungia, inapanda juu, inagusa bati lililopoa, inageuka tone, na tone halina pa kwenda ila kurudi chini. Kipande cha kwanza kulowa ni kile cha juu kabisa. Ukungu wa kuoza huanzia hapo, halafu hushuka. Na nta ikiwa nzuri, ndivyo unavyozidi kuwa mbaya, kwa sababu hata tone moja halitoki.

Tone la kwanza lilipodondoka ndani ya bilauri ile niliinuka nikatoka nje. Bi Zubeda alidhani nina mimba.

Mvua nazo zilifanya lake. Mto Ruvu ulifurika, gari la Mashaka likakaa siku nane upande huu wa daraja, na kopo lako limo ndani ya behewa la bati, mchana linachemka, usiku linapoa, likajinyeshea mvua yake lenyewe. Lilipokufikia, ile nusu ya mama ilikuwa ya kwanza kuoza. Meno yake yalikuwa pale, kaka, umeshika kifuniko chake mkononi. Ukungu ulikuwa umeyafunika.

Kama yangeishia hapo ningekuwa nimekosa kwa ujinga, na ujinga una msamaha. Hayakuishia hapo.

Mwezi Mei, wiki moja kabla ya mfungo, Mashaka aliniita stesheni ya Pugu akanikabidhi kopo na neno lako. Nililifungua nyuma ya ghala. Niliona. Sikujua habari ya matone na bilauri, lakini niliikumbuka sauti ya mama ikisema zipoe mpaka moyoni, na nikajua kwamba kosa lina mikono, na mikono ni hii. Ningeweza kurudi nyumbani nikamwambia. Angenipiga kwa maneno siku mbili, halafu tungechimba muhogo mwingine. Ningeweza kukuandikia wewe, kalamu ninayo, shilingi ya stempu ninayo. Safari ya barua ni siku nne.

Niliyamwaga yote bondeni. Nikalisugua kopo kwa mchanga. Nikamwambia mama kwamba Mashaka hajapata jibu.

Na kuna jambo moja zaidi, ambalo ningeweza kulificha hata kwako na hakuna ambaye angejua. Nilipoliona lile kopo limeoza, nikasikia neno lako kwamba umeelewa, kabla hofu haijanishika nilisikia raha. Ilikuwa kidogo, kama kupepesa jicho, lakini ilikuwa raha. Miaka mitatu nilimwosha miguu, nikampikia uji, nikamfukuzia kuku wasimdonoe mkononi anapokula. Hakuwahi kuuma kitu chochote nusu ikawa yangu, kwa sababu mimi sikuwahi kuondoka. Wewe uliyevuka kizingiti ndiwe aliyekuunguzia mkono wake. Nikasema moyoni, mwache na yeye aonje. Hilo ndilo nililolisema, Pazi, nyuma ya ghala la stesheni, na mama yetu yuko nyumbani amekaa mlangoni ameelekeza sikio njiani.

Alikaa hivyo Mei yote, na mfungo wote, na baada ya Idi. Kila siku aliuliza kama Mashaka kapita. Kila siku nilimjibu bado. Mara nyingine aliuliza kama huenda hukuziona tamu, kama pengine chumvi ilizidi. Alianza kula kidogo. Mwezi wa saba homa ikamwingia, ikatoka, ikarudi, na ya tatu haikutoka. Wazee wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliyaficha yangu, na kifo kikaja kwa mwingine.

Siku mbili kabla hajafa, mchana, aliniuliza tena. Sauti ilikuwa imebaki ndogo, nikainama mpaka mdomoni. Sikuweza tena kusema bado. Nikamwambia Mashaka kapita asubuhi. Nikamwambia kwamba umepokea kopo, umekula zote, na umewaita wenzako kambini nao wakala, na kwamba mvua ndiyo iliyochelewesha jibu. Akaniuliza, na ile nusu? Nikamwambia uliila ya kwanza, kabla ya zote, na ulicheka ulipoyaona meno mawili.

Aliupapasa mkono wangu, akaushika. Kisha akasema kwamba njaa imemshika, nimpe uji. Alikunywa bakuli zima. Alikufa siku tisa kabla ya Idi Kubwa, asubuhi, ameelekea kibla, na uso wake haukuwa wa mtu anayedai kitu.

Ndiyo maana nakuambia, kaka, hukuzikwa na mtu. Alikufa akiwa mama yako. Kwake yeye ugomvi wenu ulikwisha mwezi wa nane, mwishoni kwa uongo wangu, lakini tangu Machi kwa mkono wake mwenyewe. Ugomvi umebaki kwako wewe peke yako, na mimi ndiye niliyekutwisha, ukaubeba ukashindwa kuja kumtia udongo. Hilo siwezi kulirudisha. Nimelijaribu kichwani kila namna, nimefunga kopo lile upya mara elfu, nimelipoza, nimetia mchele chini, nimelijaza mpaka juu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sikuombi unisamehe. Ungeniuliza mimi kama mtu wa namna hii anasameheka ningekujibu aulizwe mwingine. Nakuomba mambo mawili tu. Mrudishieni mtoto jina lake, kwa kuwa mwenye jina alilipenda, alilirudiarudia mpaka likawa kama anatafuna kitu kitamu. Na mwaka utakapotimia tutasoma hitma Kibuta. Njoo. Mlete Mboni, mlete mtoto, mvuke wote kizingiti kile. Kama hutaki kuniona, mwambie Mashaka, nami siku hiyo nitabaki huku Mlandizi, mama Shomari atawafungulia mlango.

Ukifika kaburini mwamkie. Usimwombe radhi, radhi yake unayo, alikupa akijua anachokifanya. Mimi ndiye sina. Alikuwa ananishika mkono na kunishukuru mpaka siku ya mwisho, hajui anamshukuru nani, na mimi sikuthubutu kumwambia. Nimekwenda pale Ijumaa tatu nikashindwa kufungua mdomo. Wewe atakusikia. Niombee.

Nisalimie wifi yangu sana, mwambie sikuwahi kuwa na neno naye. Mbusu mtoto kwenye paji la uso. Wasalimie na hao wenzako wa kambini, hata wale waliocheka. Mama Shomari anakusalimu, na Bi Zubeda, asiyekujua, amesema nikuandikie salamu zake, kwa kuwa ameniona nalia na hajaniuliza kwa nini.

Wasalaam.

Ni mimi mdogo wako, ikiwa bado nina ruhusa ya kujiita hivyo,

Mwamvita binti Jumbe